Mbwa wako uani Texas: mnyororo hauruhusiwi tena, soma hapa kabla hujaandikiwa tiketi

Ndugu zangu mlioko Texas, hasa nyie wa Dallas, Fort Worth na Houston maana ndo tumejazana huko, leo naongelea mbwa. Wengine mtaona ni ishu ndogo, hata mimi niliona hivyo mpaka Jumamosi moja asubuhi nimekaa na chai yangu na mandazi ya jana, mlango ukagongwa. Natoka namkuta mama wa makamo kavaa yunifomu, nyuma yake limepaki gari jeupe lenye visanduku ubavuni vya kubebea wanyama. Akaniuliza kwa upole kabisa, yule mbwa aliyefungwa kule nyuma ni wako? Nikamjibu kwa kujiamini ndio ni wangu, ana chanjo zote na anakula vizuri kuliko mimi. Nilidhani kaja kumsifia. Akasema hajaja kwa ajili ya chakula, kaja kwa ajili ya mnyororo.

Nikabaki mdomo wazi. Mnyororo? Ule mnyororo niliununua mwenyewe, mpya, unang'aa, na nilijisifu nao maana kwetu Tanga mbwa wa ulinzi mchana anafungwa usiku anafunguliwa, na wengi wanafungwa kwa kamba ya katani au kipande cha waya, kwa hiyo ukimuona mtu kamnunulia mbwa mnyororo wa maana unajua huyo anamjali mbwa wake. Halafu mimi ni Mwislamu, mbwa ndani ya nyumba ninayosali hapana, kwa hiyo Bosi (ndo jina lake) makazi yake ni uani na ndo hivyo. Sikuwa na nia mbaya hata kidogo. Ila sheria ya huku haikuulizi nia, inauliza umemfunga na nini, kwa urefu gani, na pale alipo kuna nini.

Yule mama, kumbe ni afisa wa wanyama, hakuniandikia tiketi (karatasi ya kosa) siku ile, alinieleza tu, ila aliniambia wazi kwamba angeweza. Na hapo ndo pa kuelewa kwanza. Zamani Texas ilikuwa na sheria ya mwaka 2007 ambayo ilikuwa inamlazimu afisa akupe onyo la masaa 24 kwanza urekebishe mambo, sasa hivi hiyo haipo. Bunge lao lilipitisha sheria mpya mwaka 2021, gavana Greg Abbott akaikataa mwezi wa sita akisema zile zilizopo zinatosha na hii inaingilia mno mambo ya watu, wapenda mbwa wakamchachamalia mitandaoni mpaka ikawa gumzo la nchi nzima, seneta Eddie Lucio Jr. akairudisha ikiwa imepunguzwa makali kidogo, na Oktoba ya mwaka huohuo gavana akasaini. Ikaanza kazi tarehe 18 Januari 2022. Kwa hiyo kama ulikuja Texas kabla ya hapo na unafuata uliyoambiwa na mwenyeji wako wakati huo, umepitwa.

Sasa twende kazini. Ntaeleza kama nilivyofanya mimi, chukua futi ya kupimia kabisa maana utaihitaji.

Toa mnyororo

Hapa hakuna mjadala. Mbwa aliye nje peke yake bila mtu hafungwi kwa mnyororo, uwe mwembamba uwe mnene, uwe umevikwa plastiki au haujavikwa, ni marufuku. Na usimuwekee uzito, kuna watu wanafungia kipande cha chuma kwenye kamba ili mbwa asikimbie au "aote misuli", hiyo nayo imetajwa kwa jina kwenye sheria na imekatazwa.

Kilichobaki ni kamba au kebo. Kamba ya kawaida Bosi aliitafuna siku mbili tu ikaisha, asubuhi ya tatu nikamkuta kwenye ngazi za mbele ananiangalia kama anasema ulitegemea nini. Kebo ndo jibu, ule waya wa chuma uliosokotwa ukavikwa plastiki, wanauza kwenye maduka ya vifaa na ya wanyama, na kwenye pakiti wanaandika inabeba mbwa wa ratili ngapi. Usinunue ya mbwa mdogo kisa bei. Angalia pia zile ndoano za mwisho, ziwe zinazunguka zenyewe, bila hivyo kebo inajisokota siku nzima na jioni unamkuta mbwa kakabwa kwenye futi mbili. Na wale mnaotaka kuwa wajanja, eti nusu kebo nusu mnyororo, msijipe presha bure, afisa akipita akaona pingili za mnyororo utaanza kujieleza.

Pima urefu, na pima vizuri

Hapa ndo wengi wanakosea, hata mimi nilitaka kukosea. Watu wanasikia "futi 10" wanaishia hapo. Sheria inasema hivi, kamba isiwe fupi kuliko futi 10, AU mara tano ya urefu wa mbwa kuanzia ncha ya pua mpaka pale mkia unapoanzia, na unachukua ile iliyo KUBWA kati ya hizo mbili. Kwa mbwa mdogo futi 10 inatosha, yaani kama mita 3, mfano kambwa ka inchi 14 mara tano ni inchi 70 ambayo haifiki hata futi 6, kwa hiyo huyo anapewa 10. Ila mbwa akizidi tu inchi 24, zile futi 10 hazitoshi tena.

Bosi nilimsimamisha ukutani, mwanangu kamshika kichwa anamlisha vipande vya nyama ili atulie, mimi napima mgongoni. Pua hadi mzizi wa mkia inchi 38. Mkia wenyewe usiuhesabu. 38 mara tano inakuja 190, gawa kwa 12, inakuwa futi 15 na inchi 10. Na mimi dukani nilishashika kebo ya futi 15 nikiamini nimezidisha! Ingekuwa pungufu kwa inchi 10. Nikarudisha nikachukua ya futi 20. Mnyororo wangu wa mwanzo nilivyoupima kwa udadisi ulikuwa futi 6, yaani hata kama ungekuwa kamba ya hariri bado ningekuwa na kosa.

Kama unaweza jitahidi uzidishe kidogo kama mimi, kwa sababu ndoano na fundo zinakula urefu, na kama mbwa bado anakua rudia kupima. Mtoto wa mbwa wa miezi minne siyo yule wa mwaka mmoja.

Kola

Sheria inataka kola au mkanda wa kifuani uwe umetengenezwa kwa ajili ya mbwa na umkae kulingana na vipimo na uzito wake, usimkabe, usimzuie kupumua wala kumeza, usimuumize. Maana yake ukimfunga kamba moja kwa moja shingoni hiyo siyo kola. Mkanda wako wa suruali uliotoboa matundu siyo kola. Zile za chuma zinazojikaza mbwa akivuta nazo achana nazo kabisa kwa mbwa unayemuacha peke yake.

Jaribio la haraka, ingiza vidole viwili kati ya kola na shingo, vikipita vizuri fresh, visipopita legeza, na kama kichwa kinatoka chote kaza. Bosi alivyokuwa mdogo nilisahau kumlegezea, siku naivua nikakuta manyoya yameisha na ngozi nyekundu duara zima la shingo. Nilijisikia vibaya sana siku ile sitaki kusema uongo. Siku hizi namfungia kebo kwenye mkanda wa kifuani, akirukia kindi (na kindi wa huku hawana adabu, wanakuja kumchokoza makusudi) nguvu inaenda kifuani badala ya koo.

Vitu vinne lazima viwepo pale alipo

Hata kebo iwe ndefu kama ya umeme, kama hivi vinne havipo bado ni kosa. Banda imara, kivuli, maji safi ya kunywa, na sehemu ya kukaa ambayo haina maji yaliyotuama wala mavi yaliyojaa. Na neno ni kwamba mbwa AVIFIKIE, siyo viwepo tu uani. Ndoo ya maji iliyo futi moja nje ya mwisho wa kebo ni sawa na hamna.

Banda, mbwa aweze kusimama wima humo ndani, kukaa, kugeuka na kulala kawaida, na limkinge na hali mbaya ya hewa, na hali mbaya wameitaja, mvua, mvua ya mawe, theluji, upepo mkali, baridi kali na joto kali. Texas yote hayo utayaona ndani ya mwaka mmoja, tuliokuwepo Februari 2021 umeme ulivyokatika na mabomba yakapasuka ndani ya nyumba tunajua. Mimi nilijenga la plaiwudi, chini nikaweka matofali manne ili sakafu isiguse ardhi, mlango nikaugeuzia kusini maana ule upepo wa baridi unatokea kaskazini, na ndani wakati wa baridi naweka majani makavu. Usiweke blanketi, linanyonya maji halafu linaganda, majani makavu yanahifadhi joto na yakichafuka unatupa. Na usijenge banda kama sebule, mbwa analipasha joto kwa mwili wake mwenyewe, likiwa kubwa mno joto linapotelea humo.

Kivuli sasa. Watu wanasema si kuna banda, kivuli cha nini tena? Soma vizuri, banda limetajwa peke yake na kivuli kimetajwa peke yake. Na ina mantiki, banda la plastiki mwezi wa nane saa tisa mchana, joto la digrii 100 za kwao ambayo ni kama 38 zetu, ndani mle ni oveni, hakuna mbwa anaingia. Kivuli cha mti ni kizuri ila kinahama, kwa hiyo toka nje asubuhi, toka mchana, toka jioni, uangalie kimefika wapi na kama kebo inamfikisha. Mimi nina mti mmoja tu na saa nane kivuli chake chote kiko kwa jirani, nikafunga turubai kwenye nguzo mbili, dola zisizozidi 30, ikaisha hiyo.

Maji, chombo kizito kisichopinduka. Kebo inapita chini inakomba kila kitu, bakuli la plastiki halikai dakika tano. Nilichimba shimo dogo nikazamisha ndoo nusu, mpaka leo haijapinduka. Lakini badilisha kila siku, mbu wa huku nao hawana mchezo, na wanawapa mbwa minyoo ya moyo.

Mavi okota. Sina la kuongeza.

Wapi pa kumfunga

Hiki hakimo kwenye sheria kwa maneno haya ila ndo kinachoua mbwa. Usimfunge karibu na uzio. Mbwa mwenye kebo akiruka uzio anabaki ananing'inia upande wa pili, ukirudi kazini umechelewa. Piga hesabu, mahali ulipochomeka kigingi mpaka uzio iwe mbali kuliko kebo, na usiruhusu afikie ngazi, baraza la mbao lenye nguzo, au mashine ya eyakondishina. Mti nao ni mtego, anazunguka mara nne kebo ya futi 20 imekuwa ya futi 5, na sasa hivi ana kamba fupi kuliko sheria inavyotaka huku maji yako kulee.

Ndo maana mimi mwisho wa siku nilihamia kwenye waya wa juu. Unafunga waya kati ya nguzo mbili juu ya kichwa, unaweka kigurudumu kinachotembea juu yake, halafu kutoka kwenye kigurudumu unashusha kamba mpaka kwa mbwa. Mbwa anakimbia huku na huku kama treni. Sheria imeupa nafasi yake, ile kamba inayoshuka haibanwi na kipimo cha futi 10 au mara tano, mradi umbali ambao mbwa anaweza kukimbia kwenye waya ufikie kipimo hicho au uzidi. Kwa Bosi waya wangu una futi 30, hivyo niko salama kabisa. Weka kizuizi kabla hajafika kwenye nguzo ili asijizungushe, kimbana waya cha dola mbili kinatosha. Vile vitu vinne vya juu bado vinahitajika, usije ukasema fulani kaniambia waya unatosha.

Ila kama unaniuliza mimi, na nyumba ni yako, weka uzio. Tengeneza hata sehemu ndogo ya kona kwa zile wavu za chuma, mbwa atembee bila kufungwa na wewe uache kuwaza inchi. Mbwa aliyefungwa muda mrefu anakuwa mkali kwa watu wasiokuwa na kosa, niliiona kwa Bosi, miezi ya mnyororo alikuwa anabweka hata jani likidondoka, baada ya kupata nafasi katulia. Bosi mimi uzio nitamuwekea mwakani Mungu akipenda, mwaka huu hela imeenda kwenye harusi ya mdogo wangu.

Zipi zinaruhusiwa

Kumtembeza kwa kamba mkononi hakuna shida. Ukiwa kwenye kambi au eneo la mapumziko la umma ambalo taratibu zake zinaruhusu, sawa. Mbwa wa kuchunga ng'ombe na mifugo akiwa kazini, mbwa wa shambani kwenye kazi ya kilimo, mbwa wa kuwinda wakati yuko na mwenye mbwa kwenye shughuli hiyo au anamfundisha kwa ajili yake, hao wametolewa. Pikapu ya wazi pia, unaweza kumuacha nyuma kwa muda ule tu wa kumaliza kashughuli kadogo. Na ukimtoa nyumbani ukamfunga mahali kwa muda unaohitajika kwa jambo fulani, kwa mfano nje ya duka, imo. Ila usichukue "shughuli ndogo" ukaifanya masaa matatu ya kunyoa na kupiga stori saluni.

Na hili neno "bila mtu", wengi wananiuliza. Mimi nalichukulia hivi, kama niko uani nachoma nyama na namuona, nipo naye. Kama niko sebuleni naangalia Simba na Yanga, sipo naye hata kama dirisha liko wazi.

Ukikamatwa

Kosa la kwanza ni dogo kwa viwango vyao, la daraja C, faini mpaka dola 500 na gharama za mahakama juu yake. Ukirudia baada ya kutiwa hatiani linapanda kuwa daraja B, hapo ni mpaka dola 2,000 na unaweza kulala jela mpaka siku 180. Na sikiliza hii, kila mbwa ni kosa lake. Una mbwa watatu kwenye minyororo mitatu, ni makosa matatu, siku moja tu ya kwanza inaweza kufika dola 1,500. Hapo sijagusa sheria ya ukatili kwa wanyama ambayo iko pembeni, mbwa akikutwa hana chakula wala maji wala matunzo bila sababu ya msingi hiyo ni daraja A, faini mpaka dola 4,000 na jela mpaka mwaka mmoja.

Afisa akija, usifoke. Usimwambie "kwetu ndo tunavyofanya", nilijaribu, haisaidii. Muombe akuonyeshe kipi hakiko sawa, rekebisha siku hiyohiyo, piga picha zenye tarehe, kabla na baada, ukiweka na futi yako kwenye picha ndo bomba zaidi, na tunza risiti za kebo na plaiwudi. Ukipewa tiketi soma tarehe ya kufika na ufike, ni mahakama ndogo tu ya jiji au ya yule jaji wa amani wa kaunti, siyo kitu cha kutisha, kinachotisha ni kuitupa tiketi kwenye droo. Usipofika wanatoa hati ya kukukamata, halafu siku umesimamishwa barabarani kwa taa ya breki unajikuta umefungwa pingu kwa ajili ya mbwa. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, hasa wazazi wetu na ndugu zetu Wakongo waliofika juzi, mwambie karani wa mahakama mapema kabisa kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako na hata kwenye kosa dogo inatumika. Usimchukue mtoto wako wa darasa la sita akutafsirie mambo ya mahakama tafadhali. Na kama karatasi zako za uhamiaji bado ziko njiani, usikubali kosa lolote kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji, hata kama faini inaonekana ndogo.

Siku ile ile yule mama aliniuliza pia cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na huo ndo ushauri wa bure, kiweke karibu. Texas mbwa lazima awe amechanjwa akifika wiki 16.

Jiji lako linaweza kuwa kali zaidi

Sheria ya jimbo ni sakafu tu. Miji imeruhusiwa kuweka kali kuliko hiyo, na mingine imefanya hivyo, Austin kwa mfano hawataki kabisa umfunge mbwa uani kama hakuna mtu aliyeshika kamba, kwa hiyo hesabu zangu zote za mara tano kule hazikusaidii, kule ni uzio au ndani. Njia rahisi, kwenye miji mikubwa kama Dallas, Houston, San Antonio na Austin piga 311, namba ya huduma za jiji, uulize, unaishi mtaa gani na unataka kumfunga mbwa nje kwa kebo, wanakujibu. Kama umepanga soma mkataba wako, maana mwenye nyumba anaweza kukukataza hata kile ambacho serikali imekuruhusu, na hivi vyama vya wakaaji wa mtaa ndo usiseme, wanapima mpaka urefu wa majani.

Kwa ndugu walioko majimbo mengine msikopi hii kama ilivyo, kila jimbo lina lake. California ni masaa, huwezi kumfunga mbwa kwenye kitu kisichotembea isipokuwa kwa muda wa kumaliza jambo fulani la muda, na hapo kwa kawaida usizidi masaa 3 ndani ya masaa 24. Pennsylvania ni masaa 9 katika 24, na joto likipita digrii 90 au likishuka chini ya 32 za kwao unabakiwa na dakika 30 tu. Ujerumani tangu 1 Januari 2023 kumfuga mbwa kwa kumfunga wamepiga marufuku, wameacha mianya michache ya mbwa wa kazi. Na msidhani nyumbani hamna kitu, Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na Wakenya wana yao ya zamani ya kuzuia ukatili kwa wanyama, tofauti ni kwamba Tanga sijawahi kuona gari jeupe likija kugonga mlango.

Ukiona mbwa wa jirani yuko kwenye mnyororo anza na jirani, hasa kama ni mmoja wetu. Nenda na futi mkononi, mwambie kaka hii imeshapigwa marufuku njoo tupime wa kwako, mtamaliza nusu saa. Akikataa na mbwa anaumia juani, piga 311 au namba ya polisi isiyo ya dharura ya mji wako, toa anwani, eleza ulichoona na saa ngapi, wala usiruke uzio kwenda kumfungua mwenyewe, Texas hii, watu wana bunduki.

Mnyororo wangu uko bado. Nimeufungia pipa la takataka, maana upepo wa huku unalipeleka mpaka mtaa wa tatu.